Presha inapanda nikikimbia: mbio zinanisaidia au zinaniumiza?

*"Daktari, nina miaka 48, naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Miezi minane iliyopita nilikutwa na presha 158/98, nikaanzishiwa amlodipini miligramu 5 kila siku. Nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani. Kila Jumamosi tunakimbia kama kilomita 12, basi, siku nyingine sifanyi kitu. Asubuhi nyumbani mashine inasoma 134/84 au karibu na hapo. Jumamosi iliyopita nilipima dakika mbili baada ya kumaliza mbio nikakuta 178/82, nikaogopa sana. Halafu tulipopangwa mistari kumsikiliza mgeni rasmi nikapata kizunguzungu, nusura nianguke. Shangazi anasema mwenye presha hatakiwi kukimbia, atapasuka mshipa wa kichwa. Mwenzangu wa klabuni anasema kwa mbio ninazokimbia niache tu vidonge. Nimsikilize nani? Na je, naweza kujiandikisha nusu marathoni ya Moshi?"*

Dada yangu, pole kwa mshtuko. Nianze na kilichokutisha: 178/82 dakika mbili baada ya kilomita 12 ni namba ya mwili uliotoka kufanya kazi. Shangazi ameona kitu cha kweli, maana mbio zinapandisha presha kila mara na kwa kila mtu, awe na ugonjwa au asiwe nao. Alipokosea ni kudhani kwamba presha ya zile dakika za mbio ndiyo inayobaki mwilini. Mwenzako wa klabuni amekosea upande wa pili, na ushauri wake ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ukiufuata utajisikia vizuri kabisa kwa siku kadhaa huku presha inapanda kimyakimya.

Presha inatokana na mambo mawili: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika, na ukinzani wa mishipa midogo inayoipokea damu hiyo. Ukiwa umekaa, moyo unasukuma takriban lita 5 kwa dakika. Ukikimbia kwa mwendo wa kati unaweza kufika lita 12 au zaidi. Mishipa ingebaki ilivyo, presha nayo ingepanda zaidi ya mara mbili, na hapo shangazi angekuwa na haki ya kukuzuia. Lakini misuli ya mapaja na vigimbi ikianza kazi, mishipa midogo iliyomo ndani yake inafunguka kwa wingi na damu inapata nafasi ya kupita. Ndiyo maana namba ya juu, ile ya wakati moyo unajikamua, inapanda kutoka kama 130 hadi 170, 180, hata 200, wakati namba ya chini, ya moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo, inabaki palepale au inashuka kidogo. Rudi kwenye vipimo vyako: 84 asubuhi, 82 baada ya mbio. Hiyo 82 inaonyesha kwamba mishipa yako ya miguuni ilifunguka kama inavyotakiwa, nawe hukuitazama kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye 178.

Linganisha na kunyanyua kitu kizito huku umebana pumzi. Hapo misuli inabanana kwa nguvu na kuiziba mishipa yake yenyewe, na kifua nacho kinasukuma. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa wa mkono wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, na wastani ukafika 320/250. Hao walikuwa vijana wenye afya. Kwa mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa, kusukuma gari lililokwama au kuinua mfuko wa saruji huku amebana pumzi kunatisha kuliko mbio za polepole.

Mbio nazo zina mipaka yake. Kwenye kipimo cha moyo cha kukimbia juu ya mashine, namba ya juu inayofika 190 kwa mwanamke au 210 kwa mwanamume huhesabiwa kuwa imepanda kupita kawaida, na kipimo husimamishwa ikizidi 250. Wewe ulipima ukiwa umeshasimama, na namba ya juu huanza kushuka mara tu miguu inapotulia, kwa hiyo kilele chako barabarani kilizidi 178. Hilo peke yake si ugonjwa mpya, lakini umweleze daktari wako. Presha inayoruka sana kwenye mazoezi wakati mwingine inaashiria kwamba hata katika shughuli za kawaida za mchana inakuwa juu kuliko mashine ya asubuhi inavyoonyesha, na kipimo cha saa 24, kile cha kuvaa mkanda siku nzima hadi usiku, ndicho kinachomaliza ubishi.

Faida yenyewe inakuja baada ya mbio. Ukimaliza, katika dakika kama kumi hivi presha inarudi ilipokuwa, kisha inazidi kushuka hadi chini ya pale ulipoanzia. Misuli iliyofanya kazi huachia histamini, kemikali ileile inayoleta muwasho na chafya kwa wenye mzio, nayo inaiacha mishipa ya miguuni wazi kwa saa moja au mbili. Ubongo nao unapunguza amri zake za kubana mishipa. Kwa mwenye presha ya kupanda, namba ya juu mara nyingi inashuka pointi 5 hadi 8, na mteremko huo unadumu saa kadhaa. Kwa wengine hufika karibu siku nzima, halafu unaisha.

Sasa tazama ratiba yako. Unakimbia kilomita 12 Jumamosi, kisha siku sita uko kwenye kiti. Mteremko unaupata Jumamosi na labda sehemu ya Jumapili. Kuanzia Jumatatu kinachoishikilia presha yako ni kidonge, karibu peke yake. Kwa ugonjwa huu siku tano za nusu saa zinashinda siku moja ya saa moja na nusu, hata kama jumla ya kilomita ni ileile, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa.

Mazoezi yakirudiwa wiki hadi wiki, mabadiliko mengine yanajengeka polepole. Damu inayopita kwa kasi inasugua utando wa ndani wa mishipa, na utando huo unajibu kwa kutoa zaidi gesi ya nitriki oksaidi inayolegeza mishipa. Mfumo wa neva unaobana mishipa unatulia, mishipa mikubwa inapungua ukakamavu, na uzito ukishuka presha nayo inashuka, takriban pointi moja kwa kila kilo. Haya yanahitaji wiki 8 hadi 12 kuonekana kwenye mashine, na ukiacha mazoezi yanapotea ndani ya wiki chache.

Jumla yake ni kiasi gani? Kwa mtu mwenye presha ya kupanda, mazoezi ya pumzi kama mbio, kutembea haraka, baiskeli na kuogelea hushusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi, na namba ya chini kwa pungufu ya hapo. Kidonge kimoja cha presha kwa kawaida hushusha kama pointi 9. Sasa piga hesabu na namba zako. Ulianza na 158. Mbio peke yake, hata ukizifanya kwa ratiba nzuri, zingekuleta kati ya 150 na 153, na hiyo bado ni presha ya kutibiwa. Hiyo 134 unayoiona asubuhi ni kazi ya kidonge na mbio kwa pamoja, na iko ukingoni, kwa sababu kwa vipimo vya nyumbani tunataka iwe chini ya 135/85 kwa uchache, na kwa mtu wa umri wako ikishuka chini ya 130/80 ni bora zaidi.

Kuna jambo la amlodipini ambalo linawaponza wengi. Dawa hii inatoka mwilini taratibu mno. Huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu. Mtu akiiacha leo, kesho na keshokutwa presha inasoma vizuri, anafurahi, anawaambia wenzake mbio zimemponya, anaiweka mashine kabatini. Presha inapanda kidogokidogo katika wiki ya kwanza na ya pili, wakati yeye ameshaacha kupima. Presha haiumi, kwa hiyo hakuna kitakachomwambia. Usiache kidonge kwa ushauri wa klabuni. Kupunguza dozi kunawezekana, na nitakueleza namna yake mwishoni.

Kizunguzungu ulichokipata kina maelezo yake. Ukikimbia, mishipa ya miguuni iko wazi kabisa, na vigimbi kila vinapojikaza vinaisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukisimama ghafla, msukumo huo unakatika huku mishipa bado imefunguka, na damu inatuama miguuni. Moyo unapokea kidogo, ubongo nao unapata kidogo. Wewe ulikuwa pia na amlodipini, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa, na jua la Dar lililotanua mishipa ya ngozi na kukutoa jasho. Kusimama wima kwenye mstari wakati wa hotuba ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mtu aliyetoka kukimbia. Viongozi wa klabu wangefanya jambo jema kama wangewaachia wanachama watembee dakika 10 kabla ya kupanga mistari, au hotuba ikasikilizwa watu wamekaa chini. Wewe, ukimaliza, punguza mwendo, kisha tembea hadi pumzi ikae sawa. Ukijikuta umebanwa kwenye mstari, nyanyua visigino juu na chini au piga hatua papohapo. Giza likianza kuingia machoni, usishindane nalo: lala chini, miguu iinuliwe juu ya begi au juu ya mapaja ya mwenzako. Kizunguzungu kinachokuja baada ya kusimama kwa kawaida ni cha namna hii. Kupoteza fahamu ukiwa bado unakimbia ni jambo jingine kabisa, na linahitaji daktari siku hiyohiyo.

Ratiba ninayokushauri ni ya siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, na wewe unaweza kufika huko bila kuacha klabu yako. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi tembea haraka au kimbia polepole dakika 30. Jumanne au Ijumaa ongeza siku ya nne, hata ikiwa ni kuteremka kituo kimoja au viwili kabla ya kwako na kumalizia kwa miguu, mradi mwendo ukutoe jasho jepesi. Jumamosi nenda na klabu, lakini kwa wiki nne za mwanzo ishia kilomita 7 au 8 kwa jumla. Anza kila mara kwa dakika 5 hadi 10 za kutembea, ili mishipa ipate muda wa kufunguka kabla moyo haujaongeza kasi.

Kasi ipime kwa mdomo. Mnapokimbia mchakamchaka na kuitikia nyimbo, kama unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata katikati, lakini kuimba beti zima mfululizo kunakushinda, uko mahali sahihi. Ukishindwa hata kuitikia, punguza mwendo. Ukiweza kuimba wimbo wote kwa raha, ongeza kidogo. Njia hii inafaa zaidi kuliko saa ya kuhesabu mapigo, hasa kwa wanaotumia dawa za presha za atenololi au bisoprololi, ambazo huzuia mapigo yasipande hata mtu akiwa amechoka hoi. Hao wakifuata namba za saa watajikimbiza kupita kiasi.

Ukipenda, ongeza zoezi moja la ukutani. Egemea ukuta kwa mgongo, shuka kama unayekaa kwenye kiti kisichokuwepo, na kaa hapo dakika 2. Pumzika dakika 2, rudia hadi zifike mara nne, siku tatu kwa wiki. Mwaka 2023 uchambuzi uliokusanya majaribio 270 uliona mazoezi ya kujikaza bila kujongea ya aina hii yakishusha namba ya juu pointi 8 na ya chini 4, zaidi ya mbio zilizoshusha 4.5 kwa 2.5 kwa washiriki wote kwa jumla, wakiwemo wasio na presha. Mimi bado nisingeacha mbio kwa ajili yake, maana mbio zinafanya mengi kwa moyo, sukari na uzito ambayo ukuta hauyafanyi. Usishuke chini sana mwanzoni. Miguu itetemeke kidogo tu, na usibane pumzi hata kidogo. Hesabu kwa sauti, huwezi kuhesabu na kubana pumzi kwa wakati mmoja.

Kupima nako kunahitaji utaratibu, la sivyo utakuwa unajitisha au unajidanganya. Usipime ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, kahawa, chai ya rangi au sigara. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 kimya, miguu yote miwili sakafuni bila kuipandanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu na si juu ya mkono wa nguo. Usiongee. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kidonge na jioni, siku saba mfululizo, kisha tupa namba za siku ya kwanza na utafute wastani wa zilizobaki. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, kosa ambalo linatokea hata kliniki. Mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono, na saa janja za kukisia presha usizitumie kuamua chochote kuhusu dawa.

Kwenye vinywaji, maji yanatosha kwa mbio za saa moja. Unywe kwa kadiri ya kiu. Kujilazimisha lita nyingi ni hatari yake peke yake, kwa sababu chumvi ya damu inazimuliwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa, kafeini yake inapandisha presha wakati moyo tayari una kazi. Paketi za ORS ziwe za kuharisha: kila lita ina gramu 2.6 za chumvi, zaidi ya nusu ya gramu 5 ambazo mtu mzima hatakiwi kuzizidi kwa siku, na mboga na ugali wa mchana vitakurudishia kilichotoka kwa jasho la nusu saa.

Maumivu ya goti baada ya mbio ndiyo yanayowapeleka wengi duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Mwenye presha aziogope. Zinafanya figo zishike chumvi na maji, presha inapanda, na dawa yako inaonekana kama haifanyi kazi. Kwa wanaotumia dawa za presha za losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojosha kama hidroklorothiazidi, kuongeza diklofenaki siku ya jua kali na jasho jingi kunaweza kuziumiza figo vibaya. Tumia barafu na mapumziko, na ikibidi parasetamoli kwa siku chache.

Nusu marathoni ya Moshi unaweza kuikimbia, ila isiwe wiki chache kutoka leo. Ni kilomita 21.1, mwishoni mwa Februari wakati wa joto, na njia inapanda kuelekea Mweka kabla ya kugeuza kushuka. Jipe wiki 16 za ratiba ya siku tano, ukiongeza mbio ndefu ya Jumamosi kilomita moja kwa wiki na kila wiki ya nne ukiipunguza. Sharti ni wastani wako wa nyumbani ubaki chini ya 135/85 mwezi mzima kabla ya mbio. Kwenye mpanda wa Mweka tembea bila aibu pumzi ikikata maneno. Kidonge chako cha amlodipini kinywe kama kawaida siku hiyo. Na ujue kwamba kwa presha peke yake kilomita 21 hazikupi zaidi ya zile nusu saa zako tano. Kimbia Moshi kwa furaha ya kukimbia.

Kabla ya hapo nenda kliniki. Kama hujawahi, uombe kipimo cha umeme wa moyo, kreatinini ya figo, protini kwenye mkojo, sukari na lehemu. Waambie kama baba, mama au ndugu wa damu alikufa ghafla au alipata ugonjwa wa moyo akiwa kijana. Siku ambayo presha ukiwa umetulia inazidi 160, tembea tu, usikimbie. Ikifika 180/110 na ikabaki hapo baada ya kurudia kipimo, hakuna zoezi, mwone daktari siku hiyo. Usingoje kesho pia ukiona kifua kubana au maumivu yanayoelekea mkono, shingo au taya. Pumzi kukata kuliko kawaida yako. Moyo kupiga ovyo. Kichwa kuuma ghafla kwa namna hujawahi kuisikia. Mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi au maneno kugoma.

Baada ya wiki 12 za ratiba mpya, peleka daftari lako la vipimo kliniki. Wastani wa nyumbani ukiwa umekaa chini ya 125/80 kwa wiki kadhaa, una haki ya kumuuliza daktari kuhusu kushusha amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 2.5. Akikubali, pima kwa utaratibu uleule kwa wiki nne, na wiki ya pili na ya tatu zitazame kwa makini zaidi, kwa sababu ndizo zitakazoonyesha presha yako bila dozi ya zamani. Wastani ukivuka 135/85, rudini kwenye miligramu 5 na uendelee kukimbia.